Kidole cha Richeut na Ukoo wa Bwana Onfroi

Hamna kazi nyinyi. Kila nikikaa kuchambua dengu zangu mnakuja mmoja mmoja, bibi tupe ile habari ya Richeut, bibi tupe, kana kwamba nimeletwa duniani kuwa mdomo wa watu wavivu. Nimeisema mpaka mabata wa kijiji wanaijua. Halafu mnaichukua mnakwenda kuiharibu kisimani, huyu anatia joka, yule anatia malaika mwenye upanga. Hapakuwa na joka. Palikuwa na nguruwe. Basi leo naiweka kwenye ngozi kwa maandishi yangu haya ya kuparura, na atakayeniuliza tena nitamtupia hii ngozi usoni.

Richeut alizaliwa hapa hapa Valbrune, akalea mabata bukini hapa hapa, na hakuwahi kwenda mbali kupita mnara wa kanisa la ng'ambo ya mto. Alikuwa mwanamke mwembamba, shingo ndefu kama ya mabata wake, na akikasirika alikuwa anakujia hivyo hivyo, shingo mbele. Lakini watu hawakumtafuta kwa mabata. Walimtafuta kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mhesabu ukoo wa bonde, kama mama yake Aubrée kabla yake, na mama wa Aubrée.

Kazi hiyo si mchezo. Kanisa linasema watu wa damu moja wasioane mpaka damu ipite vizazi saba. Saba, jamani. Na sisi Valbrune sote tumetoka kwa mtu mmoja, Torketil Miguu-Majini, aliyekuja na mashua kutoka Kaskazini, akachoma kanisa, akajuta, akajenga kanisa, akaoa. Akaoa tena. Akasahau akaoa tena. Kuanzia Bwana aliye ngomeni hadi mchunga nguruwe, wote ni wajukuu wa Torketil, ila wa ngomeni husema damu yao ilipita mlangoni na ya mchunga nguruwe ilirukia dirishani.

Kwa hiyo mtu akitaka kuoa huja kwa mhesabu, na mhesabu humhesabu kwa mkono wake mwenyewe. Kichwa ni Torketil. Wanawe wanakaa begani, wajukuu kiwikoni, vitukuu kwenye kifundo cha mkono. Kisha unashuka kidole cha kati, pingili ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mwisho ukucha. Upande wa mume unahesabiwa mkono wa kulia, wa mke mkono wa kushoto. Wakikaa wote wawili juu ya mikono, ni ndugu, hawaoani. Mmoja akianguka nje ya ukucha, damu imekwisha, wapigiwe kengele.

Sasa huyo Aubrée, mama mtu, alikuwa na vidole virefu kama miguu ya buibui. Enzi zake hakuna aliyeweza kuoa hapa. Wachumba wote walikutwa wamekaa kwenye pingili kama kuku kwenye tawi. Vijana walikwenda kutafuta wake nchi za mbali, wakarudi na wanawake wanaotia asali kwenye kabichi, na waliokosa wakazeeka wakizungumza na ng'ombe.

Richeut alipokuwa mtoto alimpelekea nguruwe jike tufaha kwa mkono wa kulia. Nguruwe alichukua tufaha. Akachukua na pingili mbili za kidole cha kati, pamoja na ukucha wake, wala hakutafuna mara mbili. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kulitaja jambo hilo mbele yake. Kidole changu ni kizima, alikuwa akisema. Ni kifupi tu, kama watu wengine walivyo wafupi, na hakuna anayesema watu hao wamepungua.

Aubrée alipokufa, wachumba wa kwanza kuja kwa binti walikuwa fundi mapipa na binamu yake wa mbali. Richeut akaanza. Kichwani, begani, kiwikoni, kifundoni, pingili ya kwanza. Akafika mwisho wa nyama, fundi mapipa akabaki hewani. Richeut akakitazama kidole, akawatazama wale wawili, akawaambia mkono umekwisha, nendeni kwa padri.

Watu waliokuwapo walitazamana. Kila mmoja alikiona kidole. Kila mmoja pia alikuwa na kijana nyumbani anayezungumza na ng'ombe. Hakuna aliyekohoa. Mwaka ule padri alifungisha ndoa mpaka sauti ikamkauka, na Richeut mwenyewe akajihesabu na Heudebert, mtu mfupi, mpole, mvivu. Heudebert akaanguka nje ya mkono kama tunda bivu, wakaoana.

Miaka ikapita hivyo, na bonde likajaa watoto.

Bwana wetu Onfroi alikuwa mtu mwenye mapaja mazuri na akili ya kutosha kupanda farasi, ila si ya kutosha kubaki juu yake. Mkewe, Bi Hersent, alikuwa mnene, mwekundu wa mashavu, na kicheko chake kilivuka mto. Onfroi akianguka farasini, Hersent anacheka. Onfroi alikuwa anaanguka sana. Ndoa yao ilifungwa kwao Hersent, ng'ambo, kwa haraka ya sherehe, na siku hiyo hakuna aliyehesabu ukoo, kilichohesabiwa ni mapipa.

Baada ya miaka ya kuchekwa, Onfroi akakutana na mjane wa Mortebois. Mjane huyo alikuwa na msitu uliojaa nguruwe mwitu, na hakuwahi kucheka katika maisha yake. Onfroi aliona hiyo ni heshima. Sasa bwana mwenye mke anapataje mke mwingine? Anagundua, kwa majonzi makubwa, kwamba mke aliye naye ni ndugu yake. Padri wa ngomeni akamhesabia kwa vidole vyake vinono, akamwambia kweli, wewe na Bi Hersent mmekaa nyote kwenye pingili ya tatu, na Torketil ndiye mzee wenu. Onfroi alifurahi akamkumbatia. Lakini Shemasi Mkuu wa Askofu hapokei hesabu ya padri anayekula mezani kwa mdai. Anataka kiapo cha mhesabu wa bonde.

Ndipo siku moja asubuhi Richeut akaamka akakuta watu wanachomeka vijiti kuzunguka nyumba yake.

Nyumba hiyo iko kwenye malisho ya Mierebi, pale kijito kinapojikunja. Malisho hayo Onfroi alimpa Hersent siku ya arusi yawe yake, na Hersent alimwambia Richeut, aliyekuwa akiishi hapo tangu aolewe, kaa hapo na mabata wako mpaka ufe. Ndoa ikivunjika, malisho yanarudi kwa Onfroi. Richeut hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Alisimama mlangoni, shingo mbele, akamngoja Bwana afike na farasi wake.

Onfroi alikuja anatabasamu. Akamuuliza kama anaujua ukoo wake.

"Kuliko unavyoujua wewe, bwana."

"Basi siku ya Mtakatifu Mikaeli utauhesabu mbele ya Shemasi Mkuu. Mimi sitaki upendeleo, Bi Richeut. Usiniongezee, usinipunguzie. Ukweli mtupu."

Richeut akasema ukweli ni kazi yake, ila kwanza aambiwe vijiti hivi ni vya nini. Onfroi akamweleza bila haya. Ni bwawa la mikunga, wale samaki warefu kama nyoka. Mjane wa Mortebois anapenda sana mikunga siku za mfungo.

"Na nyumba yangu?"

Onfroi akaitazama nyumba kama mtu anayefikiria jambo zuri. "Mikunga wanapenda mahali pa kujificha," akasema.

Siku hiyo Heudebert alitoa ushauri wake akiwa amelala chini ya mti wa mwerebi. Sema uongo, mke wangu. Mruke babu mmoja, mwongeze bibi mmoja, nani atajua. Richeut akamwambia ataapa akiwa ameshika mfupa wa goti la mtakatifu, na mtu hachezei goti hilo. Hakumbuki Gautier wa kinu, aliyeapa uongo juu ya ndama, mdomo ukamhamia shavuni?

"Si alikuwa anaumwa jino yule," akasema Heudebert.

"Jino lilitumwa."

Bi Hersent naye alikuja, kwa miguu, kapu la mikate kichwani mwa kijakazi. Akamkataza Richeut kuapa uongo kwa ajili yake. Mimi nikifukuzwa nitakwenda kwa kaka yangu, akasema, nitacheka huko, na wewe nitakuchukua pamoja na mabata. Richeut akashukuru kwa mkate, akakataa safari. Kwa kaka mtu kuna mawe na upepo, hakuna kijito, mabata wangekufa kabla ya Krismasi. Na yeye mwenyewe, hata bila mabata, asingeondoka. Hapo ndipo alipojifungua watoto wake na hapo ndipo alipowazika wawili. Hilo la mwisho hakumwambia Hersent, lakini Hersent alikuwa anaona vilima viwili vidogo nyuma ya nyumba, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

Basi Richeut akaanza kufanya mazoezi. Kila asubuhi alisimama mbele ya mabata, akanyoosha mikono, akataja ukoo kwa sauti. Moyo ulikuwa mzito, kwa sababu alijua wote wawili ni wa Torketil, na aliogopa kuwaona wamekaa juu ya mikono. Mkono wa kushoto ukaenda ukafika pingili ya tatu, Hersent akakaa pale vizuri, mnene. Mkono wa kulia ukaenda ukafika pingili ya kwanza, juu yake amekaa babu yake Onfroi. Baba mtu akaanguka. Onfroi mwenyewe akaanguka nyuma yake.

Richeut akarudia. Wakaanguka tena. Akamwita Heudebert aje aone, hawana udugu, damu ilikwisha zamani, mtakatifu ametuhurumia.

Heudebert akakitazama kile kidole. Angeweza kunyamaza. Miaka yote alikuwa amenyamaza, na kunyamaza ndiyo kazi pekee aliyoiweza.

"Mke wangu," akasema, "wanaanguka kwa sababu ya nguruwe."

Heudebert alihamia kwa mabata mpaka siku ya Mtakatifu Mikaeli.

Siku yenyewe ukumbi wa ngome ulijaa. Bonde zima lilikuja, wake kwa waume, wamevaa viatu. Shemasi Mkuu alikaa kwenye kiti cha juu, mtu mkavu, mwenye mafua, goti la mtakatifu limewekwa mbele yake kwenye mto wa hariri. Onfroi alisimama kulia, ameshachana nywele kama bwana arusi. Hersent alisimama kushoto anatafuna tufaha. Nyuma ya Onfroi alikaa binamu yake Toustain, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kukaa nyuma ya Onfroi, na ngome ingekuwa yake kama Onfroi asingezaliwa. Toustain alikuwa amelala.

Richeut akashika goti, akaapa atahesabu kwa mkono wake kama mama yake na bibi yake walivyohesabu kwa mikono yao, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha akaanza na upande wa mke, akaupitisha wote bila kikwazo, akina mama na akina baba, mpaka Hersent akakaa kwenye pingili ya tatu ya kushoto. Onfroi akaitikia kwa kichwa, anafurahi. Richeut akainua mkono wa kulia.

Alianza kichwani, Torketil Miguu-Majini. Begani akamweka mwanawe Ansger Aliyemeza-Pete. Kiwikoni Osulf Farasi-Kinyume, aliyezaliwa na Ansger na Bi Gunnvor. Kwenye kifundo Turgis Mwoga-wa-Kuku. Onfroi akakohoa, maana hilo la kuku ngomeni huwa halisemwi. Kwenye pingili ya kwanza akamweka Rainfroi Nusu-Ndevu, aliyemzaa Gosselin, baba yake Bwana wetu. Richeut akateremsha kidole cha kuonyeshea akitafuta mahali pa kumweka Gosselin. Hapakuwa na mahali. Akaunyoosha ule mkono juu watu wote wauone.

"Mkono umekwisha," akasema. "Bwana Gosselin yuko nje. Bwana Onfroi yuko nje zaidi ya baba yake. Si ndugu wa Bi Hersent."

Onfroi akasema aendelee.

"Niendelee wapi, bwana? Hewani?"

"Mbele. Kwenye kidole. Kidole hicho ni kibutu, mama wee, hata kipofu anaona."

"Kidole changu ni kizima. Ni kifupi tu."

Shemasi Mkuu akapenga kamasi, akaomba akione. Richeut akakipeleka. Shemasi akakigeuza hivi, akakigeuza vile, akauliza kama kilizaliwa hivyo. Richeut akamjibu kwamba yeye hakuapa juu ya kuzaliwa kwa kidole, aliapa juu ya ukoo, na akiulizwa habari za vidole na vingine vya mwilini mwake atamwita mumewe. Watu wakaanza kucheka, kicheko cha Hersent kikiwa juu ya vyote. Damu ikampanda Onfroi. Akakunja mkono wake wa nguo, akahesabu kwa mkono wake mwenyewe, mzuri, mrefu, akapiga kila mahali kwa kidole kama mtu anayepiga ngoma. Gosselin akakaa kwenye pingili ya pili, Onfroi kwenye ya tatu.

"Hapa," akasema. "Hapa nimekaa. Mimi na Hersent ni ndugu."

Shemasi Mkuu akasema kwa kweli mkono wa Bwana umekamilika zaidi. Akachukua kalamu. Richeut aliiona ile kalamu inashuka kwenye wino, akaona na nyumba yake inashuka kwenye maji, na mikunga wanaingia dirishani kama wageni. Hakulia. Alichokisikia mwilini ni hasira ya kuambiwa kibutu mbele za watu. Shingo ikaja mbele.

Akamuuliza Shemasi Mkuu, kwa adabu zote, kama mkono wake leo umekuwa mbovu, basi ulikuwa mbovu tangu lini?

Shemasi akasema bila shaka tangu kidole kilipopungua.

"Nilikuwa mtoto, baba. Kabla sijahesabu mtu yeyote." Akamgeukia Onfroi. "Bwana, unajua nani aliwahesabu baba yako na mama yako?"

Onfroi alifungua mdomo.

"Ni mimi," akasema Richeut. "Nilikuwa msichana, mama yangu amekufa mwaka ule. Baba yako alikuwa wa Torketil na mama yako alikuwa wa Torketil, na kwa mkono huu huu baba yako alianguka nje, wakaoana, wakakuzaa wewe. Kwa mkono wako huo mzuri wanakaa wapi?"

Nyuma ya Onfroi kulisikika sauti ndogo ya mtu anayehesabu. Toustain alikuwa ameamka. Amekunja mkono wa nguo, anapapasa bega, anapapasa kiwiko, taratibu, kama mtu anayekula kitu kitamu na hataki kiishe. Alipofika pingili ya pili akatabasamu. Toustain alikuwa hajatabasamu tangu utotoni, na meno yake yalikuwa mengi kuliko watu walivyodhani. Maana mtoto wa ndoa isiyo halali harithi ngome, na binamu halali alikuwa amekaa pale pale, macho makavu.

Na ukumbini nako mambo yalianza. Fundi mapipa, ambaye sasa ni babu, alijitazama mkono. Mkewe naye akautazama, na usoni mwake ikaonekana furaha ambayo hakuwa nayo asubuhi. Kila mahali wanawake walikuwa wanawatazama waume zao kwa matumaini. Mwanamke mmoja alishaanza kusogeza kiti.

Onfroi akamtazama Toustain. Akamtazama Shemasi Mkuu na kalamu yake. Akamtazama Hersent, anayetafuna tufaha lake hadi mbegu. Kisha akasogea karibu na Richeut, akainama, akakitazama kidole kwa muda mrefu, akifinya jicho moja.

"Unajua," akasema, "kwa mwanga wa dirisha hili kidole kinadanganya. Kumbe si kifupi hivyo."

"Ni kizima," akasema Richeut.

"Ni kizima," akasema Onfroi.

Shemasi Mkuu akauliza ukumbi kama kuna mtu mwenye neno juu ya kidole hicho. Toustain akasimama. Fundi mapipa akamvuta kanzu akamketisha, na mzee mwingine akamkalia, kwa bahati mbaya, kwa muda wote uliobaki. Mke wa fundi mapipa alikuwa na neno, lakini aliziba mdomo alipokumbuka kwamba ana watoto wanane. Basi Shemasi akaandika kwamba Onfroi na Hersent si ndugu, wameoana vizuri, na wataendelea hivyo mpaka kifo, akapenga kamasi, akaomba chakula.

Wakati wa kutoka, Onfroi alikosea ngazi ya mlango akaenda chini na mapaja yake yote. Hersent alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini alimpa mkono akamwinua, akamkung'uta vumbi, akamwambia haya mume wangu, twende nyumbani, kuna bata wa kuchoma.

Richeut alitembea peke yake mpaka Mierebi, anang'oa vijiti vya bwawa kimoja kimoja na kuvikusanya kwapani vikawe kuni. Alijisikia kijana. Alifika akakuta Heudebert juu ya paa. Heudebert, ambaye hajawahi kufanya kazi bila kutumwa, siku hiyo moja alikuwa amejituma. Aliona nyumba imekwenda, basi afadhali kuokoa kinachookoleka, akang'oa nusu ya paa na kuipeleka mlimani, pamoja na kitanda, chungu na mlango.

Richeut akamwambia nyumba imebaki yao. Heudebert akasema anashukuru Mungu sana. Mvua ikaanza kunyesha.

Walikaa hivyo mpaka mwezi uliofuata, Richeut na mabata chini ya nusu yenye paa, Heudebert chini ya nusu nyingine. Na Richeut aliishi pale mpaka akafa, na yuko nyuma ya nyumba, kilima cha tatu, nyasi zake ndizo mabata wanazopenda zaidi.

Yamekwisha. Sasa zamu yenu. Mnajua majina ya wanaume wa ngomeni tangu Torketil na kuku wao, na mama wa bibi yako hujui aliitwa nani. Kila aliyesoma ngozi hii, au aliyesomewa, aondoke sasa hivi aende kwa mwanamke mzee kuliko wote nyumbani kwao, amuulize jina hilo, na la mama yake huyo, kisha aje ayataje hapa mbele yangu. Na asije mikono mitupu. Kuni zimekwisha.